Jiji la Vitongoji Linamboa Nani?

Mesa, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ilikuwa na watu 504,258 kwenye sensa ya 2020. Iliipita Atlanta kidogo, na ikaipita Minneapolis kwa zaidi ya watu 70,000. Hata hivyo Atlanta na Minneapolis ndizo zinazoitwa majiji, nayo Mesa inaitwa kitongoji cha Phoenix. Arlington ya Texas, yenye wakazi wanaokaribia 400,000, iko katika hali hiyohiyo kati ya Dallas na Fort Worth. Milton Keynes ya Uingereza na Almere ya Uholanzi zilichorwa na wapangaji wa miji tangu mwanzo, zikakua hadi kuvuka watu 200,000 kila moja, lakini lawama inayozifuata ni ileile: nyumba za chini zenye bustani, barabara pana, jioni zilizopoa, maisha ya kuboa.

Lawama hiyo hujibiwa kwa orodha. Anayeutetea mji hutaja kumbi za sinema, viwanja vya michezo, bustani na maduka makubwa, na orodha yake ni ya kweli. Ukumbi wa kwanza wa sinema wenye skrini nyingi nchini Uingereza, The Point, ulifunguliwa Milton Keynes mwaka 1985 ukiwa na skrini 10. London ilisubiri. Arlington ina bustani ya burudani ya Six Flags tangu 1961 na uwanja wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Dallas Cowboys tangu 2009. Lakini timu hiyo hucheza nyumbani mechi 8 au 9 tu za msimu wa kawaida wa ligi. Siku nyingi za mwaka anayeishi karibu amepakana na milango iliyofungwa na eneo kubwa la lami. Kivutio kikubwa huleta wageni Jumapili. Jumanne saa 2 usiku hakimfai mkazi kwa lolote.

Ninachoshikilia ni hiki: jiji la mtindo wa vitongoji halikosi mambo ya kufanya. Linakosa mambo yanayotokea bila miadi. Na upungufu huo hauwagusi wote sawasawa. Mwenye gari, leseni, fedha za mafuta na marafiki wa zamani anaweza kuishi humo miaka 20 asiuone. Asiye na kimojawapo anauona wiki ya kwanza. Kwa hiyo kuuliza kama mji unaboa, bila kutaja unamboa nani na kwa umbali gani, ni kuuliza nusu ya swali.

Hesabu ya umbali ndiyo ufunguo. Mtu hutembea kilomita 5 hivi kwa saa. Kwa dakika 10 anafika mita 800. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 800 lina eneo la kilomita 2 za mraba. Mwaka 2020 Phoenix ilikuwa na wastani wa watu 1,200 kwa kila kilomita ya mraba, kwa hiyo duara hilo lina watu 2,400, yaani kaya zipatazo 900. Paris ina watu wapatao 20,000 kwa kila kilomita ya mraba. Duara lilelile lina watu 40,000. (Wastani wa Phoenix unajumuisha hifadhi za milima zilizomo ndani ya mipaka yake, hivyo mitaa yenyewe imejaa zaidi. Hata ukiuzidisha mara mbili, pengo bado ni kubwa mno.) Duka la vitabu, ukumbi mdogo wa muziki au mgahawa wa meza 8 huishi kwa wapita njia. Katika kaya 900, toa wasiopenda muziki, toa waliochoka kazini, toa wenye watoto wachanga. Wanaobaki hawatoshi kulipa pango la ukumbi. Wakazi wanaweza kuwa wapenzi wakubwa wa muziki na bado ukumbi ukafa.

Sasa panda gari. Kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, dakika 15 zinakufikisha kilomita 10. Duara hilo lina kilomita za mraba 314, na kwa msongamano uleule lina watu karibu 377,000. Hapo mambo yanageuka. Katika watu 377,000 wamo wa kutosha kuunda kwaya, klabu ya sataranji, timu ya kriketi, darasa la ngoma, hekalu la dhehebu lenye waumini wachache. Jiji la vitongoji likishakuwa kubwa linakuwa tajiri kwa kila jambo unalolijua kwa jina na kulitafuta. Kitongoji kidogo hakina utajiri huo, na ndiyo maana ukubwa ni muhimu katika mjadala huu kuliko watu wanavyodhani.

Utajiri wenyewe umejificha mahali pasipovutia macho: safu za maduka ya ghorofa moja kando ya barabara kuu, zilizojengwa miongo mingi iliyopita, zenye maegesho mbele na mabango yaliyofifia. Pango huko ni nafuu kwa sababu jengo limezeeka na mwenyewe amekwisha kulipa gharama za ujenzi. Fundi cherehani, mwalimu wa muziki au mpishi aliyehamia kutoka nchi nyingine anaweza kuanza na mtaji mdogo. Kwa njia hiyo Monterey Park, kitongoji cha Los Angeles, kilipata maisha ambayo katikati ya jiji haikuwa nayo. Kufikia sensa ya 1990 zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa wenye asili ya Asia. Bellaire Boulevard ya Houston nayo ilijaa biashara za Wachina na Wavietnam katika majengo ya aina hiyo. Mkosoaji anayepita hapo kwa kilomita 70 kwa saa anaona lami na mabango, kisha anaandika kwamba hakuna kitu. Hukumu kama hiyo ni ya haraka mno.

Lakini utajiri wa kutafutwa na uhai wa kukutana ni mambo mawili tofauti. Katika mtaa wenye milango kila mita 6, mita 100 za upande mmoja wa barabara zina milango 16. Katika ukuta wa duka kubwa lenye upana wa mita 150 kuna mlango mmoja. Anayetembea mtaa wa kwanza hupita watu wakitoka na kuingia, huona tangazo dirishani, hukutana na mwenzake wa kazini, hubadili mawazo na kuketi. Anayeendesha kwenda duka la pili huondoka nyumbani kwa shughuli moja na kurudi baada ya shughuli hiyo moja. Kila safari inahitaji uamuzi, muda, maegesho, na mtu wa kurudisha gari akiwa hajanywa. Hata kumwona rafiki kwa dakika 20 kunadai saa nzima. Watu huacha taratibu kufanya mambo madogo, kisha wanashangaa kwa nini wiki zinafanana.

Mwanasosiolojia Herbert Gans alinunua nyumba Levittown, New Jersey, mji ulipofunguliwa mwaka 1958, akaishi humo takriban miaka miwili akiwachunguza majirani zake. Wakati huo waandishi wengi walikwisha kuamua kwamba wakazi wa miji ya aina hiyo wamekauka kwa upweke. Gans alikuta kwamba watu wazima wengi hawakulalamikia kuboeka. Walikuwa na nyumba ya kutunza, watoto wadogo, na majirani wa rika lao, na wengi walikuwa wamehama kwa hiari. Waliolalamika kwa nguvu ni vijana. Nyumba zilichorwa kwa familia changa. Vyumba vya kulala vilikuwa vidogo kwa kijana kupokea wenzake, wenye maduka hawakutaka makundi ya vijana wakizurura, na bila gari hapakuwa na pa kwenda.

Zaidi ya miaka 60 imepita na naona kipimo hicho bado ni sahihi. Mtoto wa miaka 6 hupelekwa. Mtu wa miaka 40 hujipeleka. Kijana wa miaka 14 hapelekwi kila anapotaka, na hawezi kujipeleka. Kundi la pili ni wazee walioacha kuendesha kwa sababu ya macho au dawa. Siku leseni inapokabidhiwa, mji uliokuwa na watu 377,000 hugeuka kuwa mji wa watu 2,400. Kundi la tatu ni mgeni asiye na mtandao wa marafiki, hasa anayefanya kazi nyumbani. La nne halitajwi sana: mzazi aliyegeuka dereva wa jioni, anayesubiri garini nje ya mazoezi ya mtoto mmoja kabla ya kumfuata mwingine. Kuboeka kwa kijana na kuchoka kwa mzazi wake kunatoka kwenye ramani ileile ya barabara.

Ramani hiyo imetengenezwa kwa kanuni. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyouhusu mji wa Euclid, Ohio, ilikubali kwamba mji unaweza kutenga maeneo kwa matumizi: hapa makazi, pale biashara, kule viwanda. Toka hapo duka la pembeni ya mtaa likawa kosa la kisheria katika sehemu kubwa ya vitongoji. Kisha yakaja mahitaji ya maegesho. Kanuni nyingi za zamani zilidai nafasi moja ya gari kwa kila mita za mraba 9 hivi za mgahawa. Mgahawa wa mita za mraba 200 ulihitaji nafasi zaidi ya 20. Nafasi moja, ukihesabu na njia ya kugeuzia, inakula mita za mraba 30 hivi, kwa hiyo maegesho yanafika mita za mraba 600 na ushee, mara tatu ya mgahawa wenyewe. Weka biashara 10 za namna hiyo kando kando na umbali wa kutembea kutoka ya kwanza hadi ya mwisho unachosha, hata kama hakuna aliyekusudia kumchosha mtu.

Barabara zinafuata. Phoenix na miji jirani yake ina barabara kuu zinazopishana kila maili moja, yaani kilomita 1.6. Maduka hukaa kwenye makutano; nyumba hukaa ndani ya mraba. Anayeishi katikati ya mraba, mitaa ikiwa imenyooka, yuko kilomita 1.6 kutoka kona yoyote, mwendo wa dakika 20. Mitaa haijanyooka. Mingi hujipinda na kuzibwa mwisho, na mraba mzima huzungukwa na ukuta. Nyumba inaweza kuwa mita 100 kutoka mlango wa duka kwa mstari ulionyooka na zaidi ya kilomita moja kwa miguu. Ukifika barabarani, njia 6 za magari na moja ya kugeukia ni upana wa mita 25 hivi; mtu anahitaji sekunde zaidi ya 20 kuvuka, baada ya kusubiri taa ambazo mzunguko wake mara nyingi ni sekunde 90 hadi 120. Kijana mwenye afya ataweza. Mwenye mkongojo atabaki nyumbani.

Wengi husema tatizo ni nyumba za chini zenyewe, na kwamba bila maghorofa mji hauwezi kuchangamka. Hapo sikubaliani. Linganisha Milton Keynes na Houten, mji wa Uholanzi wenye watu wapatao 50,000 karibu na Utrecht. Yote miwili imejaa nyumba za chini zenye bustani, na yote miwili ina njia za baiskeli zilizotengwa na magari. Milton Keynes ina zaidi ya kilomita 300 za njia hizo. Lakini huko barabara za magari zimenyooka na zina kasi, ilhali njia za baiskeli hujipinda ndani ya mitaa na kupita chini ya madaraja yasiyoonekana vizuri kutoka kwenye nyumba. Gari ndilo lenye njia fupi. Houten ilifanya kinyume: anayetaka kwenda kwa gari kutoka mtaa mmoja hadi mwingine hulazimika kutoka hadi barabara ya mzunguko inayouzingira mji, wakati baiskeli hukata moja kwa moja hadi katikati na kwenye kituo cha treni. Mtoto wa Houten huenda mwenyewe kwa rafiki yake. Kinachoamua si kama njia ya baiskeli ipo, bali ni nani aliyepewa mstari ulionyooka.

Peachtree City ya Georgia, Marekani, ilifika karibu na hapo kwa bahati nyingine: takriban kilomita 160 za njia ambazo wakazi hutumia vigari vya gofu, na vijana wa miaka 15 wenye kibali cha udereva wa kujifunza huruhusiwa kuviendesha. Ni kitongoji halisi cha Marekani, na vijana wake wana miguu.

Kwa anayefikiria kuhamia jiji la namna hii, usitembelee Jumamosi mchana. Nenda Jumanne saa 2 usiku, uanzie kwenye mlango wa nyumba unayoitaka, si kwenye kituo cha maduka alichokuonyesha dalali. Tembea dakika 10 kila upande kwa njia zinazopitika kweli, na uhesabu milango iliyo wazi na mahali pa kuketi bila kununua kitu. Milango 5 yenye shughuli tofauti inatosha kubadili wiki ya mtu. Sifuri maana yake kila burudani itakuwa safari. Kisha angalia ratiba ya basi kwa mambo mawili tu, basi linapita kila baada ya muda gani usiku na la mwisho linaondoka saa ngapi. Basi la kila dakika 15 humfanya asiyejua ratiba asubiri wastani wa dakika 7 na nusu. La kila saa humfanya asubiri 30, na likikosekana moja, jioni imekwisha. Mwisho, tafuta mapema shughuli moja ya kila wiki yenye watu walewale, kwaya au mazoezi au darasa, isiyozidi dakika 15 kutoka nyumbani. Ikiwa dakika 30, miezi ya kwanza utaenda, halafu utaanza kutoa udhuru. Watu wengi hukosea hapa: huchagua nyumba kubwa zaidi iliyo mbali zaidi, wakiamini mikutano itajipanga yenyewe.

Kwa upande wa halmashauri, kuna matengenezo ya bei nafuu ambayo hayapewi uzito. La kwanza ni kutoboa kuta. Njia ya miguu ya mita 3 kwenye mwisho wa mtaa uliozibwa inaweza kupunguza safari ya kilomita moja hadi mita 200. Hukwama kwa sababu mbili: ardhi ya kupitia mara nyingi ni ya watu binafsi, na majirani huogopa wezi. Hofu hiyo haipuuzwi. Njia iwe fupi, imenyooka, mtu aione mwisho wake kabla ya kuingia, iwe na taa, na isipite kati ya kuta mbili ndefu zisizo na dirisha. Njia iliyojipinda na yenye giza itatumika vibaya, kisha itafungwa, na hakuna atakayekubali nyingine.

La pili ni mabasi. Mwezi Agosti 2015 Houston ilibadili mtandao wake wa mabasi ya mjini kwa mkupuo mmoja, ikakusanya huduma kwenye njia chache zenye mabasi ya mara kwa mara, pamoja na mwisho wa wiki. Uamuzi huo una maumivu, kwa sababu wapo wanaopoteza basi lililokuwa likipita karibu na mlango wao. Lakini kusambaza mabasi ya kila saa kila mahali kunaleta ramani nzuri isiyotumika jioni.

Kuhusu maegesho, miji imeanza kuamka. Buffalo ilifuta viwango vya lazima mwaka 2017, Edmonton mwaka 2020, Minneapolis mwaka 2021, na San Jose, ambayo ni jiji la vitongoji lenye watu milioni moja, ilipiga kura kufanya hivyo mwaka 2022. Kufuta kanuni hakuondoi lami siku hiyohiyo; kunamruhusu mwenye jengo la zamani kufungua mgahawa bila kununua kiwanja cha pili.

Suluhisho linalopendwa zaidi na wawekezaji ndilo ninalolitilia shaka zaidi. Villa Italia, jengo kubwa la maduka lililofunguliwa mwaka 1966 huko Lakewood, Colorado, lilifungwa mwaka 2001, likabomolewa, na kuanzia 2004 mahali pake pamekuwa na Belmar, mitaa ya kawaida yenye nyumba, ofisi na maduka kwenye vitalu zaidi ya 20. Kama mpangilio wa barabara ni kazi nzuri. Lakini sehemu mpya za namna hii huwa na majengo ya umri mmoja na pango la juu, na mara nyingi mwenye mali mmoja ndiye anayeamua nani anaruhusiwa kuketi. Fundi cherehani na mwalimu wa ngoma hawaiwezi bei hiyo. Afadhali safu za maduka ya zamani zibaki, na nyumba zijengwe juu ya nusu ya maegesho yaliyo mbele yake, ambayo siku nyingi hayajai. Kaya 200 mpya hapo huongeza wateja wa miguu bila kumfukuza mpangaji aliyepo.

Na kama kuna fedha za jambo moja tu mwaka huu, zisiende kwenye kivutio kipya. Maktaba na ukumbi wa michezo wa shule vimekwisha kujengwa, viko ndani ya mitaa, na vingi hufungwa mapema wakati vijana wanavihitaji. Kuviacha wazi hadi saa 4 usiku siku 3 kwa wiki kunadai mishahara ya wahudumu wachache, taa, na mlinzi anayejua majina ya watoto. Kunadai pia basi linaloondoka mlangoni saa 4 na robo, maana bila hilo watakaokuja ni wale tu ambao wazazi wao wanaweza kuwafuata.